Kabla ya Pasipoti, Jedwali la Kozi

Mwanafunzi akichaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja katika chuo cha nje, mawazo hukimbilia pasipoti, viza na koti la baridi. Ila kitakachoamua kama atahitimu pamoja na wenzake ni makubaliano ya masomo: karatasi inayoonyesha kozi atakazosoma huko na kozi za nyumbani zitakazohesabiwa kuwa amezimaliza. Anayeondoka kabla haijasainiwa na pande zote huenda akarudi na alama nzuri zisizo na pa kuingia, kisha akaketi na wadogo zake akifukuzia kozi za lazima.

Anza na prospektasi ya idara yako. Tenga kozi za lazima na za hiari katika muhula unaotaka kuondoka, ndipo ufungue orodha ya chuo mwenyeji. Usidanganywe na majina. Linganisha mada, saa za masomo na aina ya mtihani. Mimi ningeondoka katika muhula wenye kozi nyingi za hiari, hata kama marafiki wangu wote wanaondoka katika muhula mwingine. Kozi ya lazima isiyo na mwenzake huko ipeleke mapema kwa mkuu wa idara, na akikubali, omba jibu la maandishi. Wakuu wa idara hubadilika, na ahadi ya kwenye korido huondoka nao.

Krediti nazo huwachanganya wengi. Mwaka mzima wa masomo Ulaya ni krediti 60. Kwa mfumo wa Tanzania ni 120. Kwa hiyo kozi ya krediti 6 huko, inayoonekana nyepesi kwenye karatasi, kwa hesabu ya mwaka kwa mwaka ni sawa na krediti 12 za kwetu. Aliyejaza kumi za namna hiyo katika muhula mmoja amejitwisha mwaka mzima.

Tazama pia kalenda. Ujerumani masomo ya muhula wa baridi huanza Oktoba na kuishia Februari, ya kiangazi huanza Aprili. Sweden huanza mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba. Ikiwa mitihani yako ya nyumbani inaangukia wakati ambao tayari uko darasani huko, zungumza na mratibu wa mitihani kabla hujakata tiketi.

Kuhusu fedha, katika Erasmus+, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, chuo mwenyeji hakikutozi ada, ila ya chuo chako unaendelea kulipa. Posho ipo, lakini usiipangie siku ya kwanza: huenda ikasubiri ufungue akaunti ya benki, huku mwenye nyumba akitaka kodi na amana yake mkononi. Na viza fupi ya Schengen ina ukomo wa siku 90 ndani ya siku 180, kwa hiyo muhula kamili huhitaji viza ya muda mrefu ya nchi husika. Iombe mara barua ya mwaliko ikifika.

Wanaodharau vyuo vya jirani wanajikosesha mengi. Kati ya 1963 na 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimoja chenye kampasi tatu: sheria ilisomwa Dar es Salaam, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, na wanafunzi walivuka mipaka kuzifuata. Leo Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, linafanya kazi ya kuoanisha sifa na viwango. Kwa mwanafunzi wa sheria au kilimo, kozi za jirani mara nyingi hushabihiana na zake kuliko za Ulaya, na nauli ni ya basi.

Kabla ya kurudi, uliza matokeo rasmi yatatumwa lini na kwa ofisi gani. Pakua muhtasari wa kila kozi uliyosoma ukiwa bado una nywila ya chuo hicho, kwa sababu idara yako ikihoji yaliyomo miezi sita baadaye, huenda ukurasa ule haufunguki tena.