Mnapotazama Tamthilia, Mnaambiana Nini?



Katika nyumba nyingi siku hizi, watoto wakishalala, baba na mama huketi mbele ya televisheni kutazama tamthilia. Wengine hufuatilia zile za hapa kwetu, wengine za Nigeria au Uturuki, na wengine zile za Marekani zilizopata tuzo kubwa. Hilo si baya. Mume na mke wanaocheka pamoja na kusikitika pamoja baada ya kazi za mchana wamepata kitu chema.

Lakini kuna jambo moja tunalosahau. Tunapomsifu au kumlaumu mume au mke wa kwenye tamthilia, tunajieleza sisi wenyewe. Mwenzako aliyeketi kando yako anasikia, na mengi anayaweka moyoni. Hebu leo tujifunze jambo hilo kutokana na tamthilia moja mashuhuri na mabishano iliyozua kati ya mashabiki wake.

Mwalimu aliyemficha mkewe

Tamthilia hiyo inaitwa Breaking Bad, na mtunzi wake ni Vince Gilligan. Ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Januari 2008, ikamalizika tarehe 29 Septemba 2013 baada ya vipindi 62. Si ya kutazamwa na watoto, kwa maana imejaa mauaji na mihadarati.

Mhusika wake mkuu ni Walter White, mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari mjini Albuquerque. Ana umri wa miaka 50. Mshahara hautoshi, hivyo akitoka shuleni huenda kufanya kazi katika kituo cha kuosha magari. Mke wake, Skyler, ni mjamzito, na mwana wao mkubwa ana ulemavu. Ndipo Walter anapoambiwa na daktari kwamba ana saratani ya mapafu.

Je, anafanya nini? Kwanza anamficha mkewe ugonjwa. Kisha, kwa siri, anaanza kutengeneza dawa za kulevya ili aiachie familia fedha. Marafiki zake wa zamani wenye uwezo wanajitolea kumlipia matibabu. Anakataa kwa sababu ya kiburi, halafu anamwambia mkewe kwamba ndio wanaolipa. Uongo mmoja unazaa mwingine. Siku anapokwenda kufanyiwa upasuaji, akiwa amelegezwa na dawa za hospitali, mkewe anamwuliza kama amechukua simu yake. Yeye anauliza ni simu ipi. Kwa jibu hilo fupi Skyler anatambua kwamba kweli kuna simu ya pili, ile ambayo mumewe aliikana.

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Walter alificha maradhi ya mwili, na pia maradhi ya moyo. Kila alipoulizwa, alijibu kwamba anafanya yote kwa ajili ya familia. Katika kipindi cha mwisho tu, familia ikiwa imevunjika na shemeji yake ameuawa, ndipo anapomkiri mkewe kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa alipenda.

Tuzo husifu nini?

Kila mwaka Marekani hutoa tuzo za televisheni ziitwazo Emmy. Zilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 25 Januari 1949 mjini Los Angeles. Wanaopiga kura ni watu wa kazi hiyo hiyo: waigizaji huwapima waigizaji, na waandishi huwapima waandishi. Breaking Bad ilishinda tuzo ya tamthilia bora mwaka 2013 na tena 2014. Bryan Cranston, aliyeigiza kama Walter, alitangazwa mwigizaji bora mara nne: 2008, 2009, 2010 na 2014.

Hapa tuelewane vizuri. Tuzo hiyo husifu ustadi wa kuigiza. Haisifu maisha ya yule anayeigizwa. Mwigizaji akituonyesha uongo wa mume kwa namna ambayo tunautambua, amefanya kazi yake vyema. Kazi ya kupima mema na mabaya imebaki kwetu tuliokaa sebuleni.

Na hapo ndipo mashabiki wengi walipoteleza. Walipojadiliana juu ya tamthilia hii, mtu waliyemchukia hakuwa Walter, mwenye uongo na mauaji. Walimchukia Skyler. Kosa lake kubwa machoni pao lilikuwa kuuliza: Ulikuwa wapi? Fedha hizi zimetoka wapi? Kwa nini hukuniambia? Walimwona mke msumbufu anayemzuia mume asifanye mambo yake.

Chuki hiyo ilivuka mipaka ikamfikia mwigizaji mwenyewe, Anna Gunn. Mwezi Agosti 2013 aliandika makala katika gazeti la The New York Times akieleza jinsi alivyotukanwa, na jinsi mtu mmoja alivyouliza atampata wapi ili amwue. Anna Gunn aliona kwamba watu walikuwa wakionyesha mawazo yao wenyewe kuhusu wanawake na wake. Mwezi uliofuata, tarehe 22 Septemba, alipewa tuzo ya Emmy ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, na mwaka 2014 akaipata tena. Wenzake wa kazi waliona thamani ya kile ambacho mashabiki walikitukana.

Sebuleni kwetu

Sasa tuje nyumbani. Tuseme mume na mke wanatazama kipindi ambacho mke anamwuliza mumewe mahali alipokuwa. Mume anasonya na kusema, "Mwanamke huyu ana maswali mengi! Si amwache mzee wa watu atafute pesa?" Mama watoto hasemi neno. Lakini juma lile lile alikuwa ameona ujumbe kwenye simu ya mumewe kuhusu mkopo asioufahamu, na alikuwa akitafuta namna ya kumwuliza kwa upole. Sasa amepata jibu kabla ya kuuliza. Anainuka polepole kwenda kuosha vyombo, na swali lake anaondoka nalo.

Nanyi kina mama, msicheke. Tuseme katika tamthilia nyingine anaonekana mume aliyefutwa kazi. Mke anasema, "Mwanamume gani huyu? Mimi singekaa naye hata siku moja!" Hajui kwamba baba watoto alipunguzwa kazini wiki mbili zilizopita, na kwamba kila asubuhi anavaa tai na kutoka kama kawaida, kisha anashinda mjini akitafuta kibarua. Usiku huo alikuwa amekusudia kumweleza. Baada ya maneno hayo, kesho yake anavaa tai tena.

Wawili hao hawakugombana. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Hata hivyo mlango umefungwa, na aliyeufunga hajui kama ameufunga. Ndiyo maana tunasema kwamba maneno ya sebuleni si maneno matupu. Kila siku tunamfundisha mwenzetu ni swali gani linaruhusiwa katika nyumba yetu, na ni ukweli gani utakaopokewa kwa dharau.

Umoja peke yake hautoshi

Tusimfanye Skyler kuwa malaika. Naye alianguka. Alipoumia alifanya uzinzi na mkuu wake wa kazi, na baadaye akamsaidia mumewe kuzificha fedha haramu kwa kununua kile kituo cha kuosha magari. Wakati huo mume na mke walikuwa wamekubaliana, lakini walikubaliana katika uovu.

Wakristo tunaijua habari ya namna hiyo. Katika Matendo ya Mitume twasoma juu ya Anania na Safira, waliouza mali yao, wakapatana kuficha sehemu ya fedha na kuwadanganya Mitume. Safira alipoulizwa alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Hakuitumia. Kwa hiyo, mama anayeona fedha zisizoeleweka zikiingia nyumbani na kunyamaza kwa sababu zinalipa karo, na baba anayenyamaza kwa sababu mke analeta chakula, wajue kwamba amani yao haina msingi. Upendo wa ndoa hutaka ukweli kwanza, ndipo umoja uwe na maana.

Mfanye nini?

Kwanza, kipindi kikiisha, zimeni televisheni mkae dakika kumi. Msikimbilie kipindi kingine. Zungumzeni kuhusu wale wahusika. Ni rahisi kuanza na mambo ya watu wengine kabla ya kuyafikia yenu.

Pili, semeni juu ya nafsi zenu. Usiseme, "Wewe ni kama Walter." Huo ni mkuki. Sema, "Mimi ningekuwa Walter, huenda ningeona haya kukwambia kwamba ni mgonjwa. Ungenipokeaje?" Swali la namna hiyo hufungua mlango bila kuuvunja. Tena msitumie tamthilia kutupiana mafumbo. Kama una neno, liseme kwa jina lake.

Tatu, kubalianeni kwamba katika nyumba yenu swali si tusi. Mambo ya fedha, afya, madeni na mahali mtu alipo ni mambo ya wote wawili. Lakini kuuliza si kupekua. Anayeamka usiku kuchungulia simu ya mwenzake hajauliza, amepeleleza. Uliza mchana, kwa sauti ya chini, na ungoje jibu.

Nne, mwenzako akikufungulia siri, usimhukumu usiku ule ule. Mwambie kwanza, "Asante kwa kuniambia." Hasira unaweza kuwa nayo, na huenda ni ya haki, lakini aliyekiri akipigwa kwa maneno leo, kesho hatakiri tena. Baadaye mkae mtengeneze mambo: deni litalipwaje, daktari ataonwa lini, kosa litarekebishwaje. Aliyekosa aiendee pia Sakramenti ya Kitubio, maana kuna majeraha ambayo neema ya Mungu peke yake huyaponya.

Tano, mzigo ukiwashinda, mwoneni padre wa parokia yenu, au wanandoa wazoefu katika jumuiya ndogo ndogo ambao mnawaamini. Na kama siri yenyewe ni ya kupigwa, au ya uhalifu unaohatarisha maisha, usiifunike kwa kisingizio cha kulinda heshima ya ndoa. Tafuta msaada na usalama wako na wa watoto. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Neno la mwisho

Ile sanamu ya Emmy ina umbo la mwanamke mwenye mabawa aliyeinua atomi mikononi. Aliyeisanifu ni fundi wa televisheni aliyeitwa Louis McManus, na kielelezo alichokitumia ni mke wake, Dorothy. Kila mwaka washindi huinua juu mfano wa mke wa mtu.

Hakuna sherehe inayofanywa kila mwaka kumtunza mke aliyeuliza kwa upole, wala mume aliyejibu ukweli ingawa aliona aibu. Hawapigiwi makofi. Lakini watoto wao hulala katika nyumba isiyo na simu ya pili, na hilo ni jambo kubwa.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni mume au mke gani wa kwenye tamthilia tunayemlaumu sana? Tunamlaumu kwa nini?
2. Je, kuna swali ambalo naogopa kukuuliza? Ni neno gani au tendo gani lililonifanya niogope?
3. Kuna jambo lolote la fedha, afya au kazi ambalo sijakwambia? Nahitaji nini kutoka kwako ili niweze kulisema?

Baada ya kujibu, shikaneni mikono msali pamoja: Ee Bwana, uliyetuunganisha mbele ya altare yako, utuondolee woga wa kusema kweli na ugumu wa kuipokea. Utufanye kuwa kimbilio sisi kwa sisi. Amina.