Upimaji wa Istilahi za Programu Huria kwa Watumiaji: Mfano wa Kasulu na Kibondo

1.0 Utangulizi

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliofanywa na Idara ya Sayansi ya Kompyuta kwa kushirikiana na kampuni ya IT +46 ya Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mjadala wa wanaisimu kuhusu kazi za aina hii umeelemea mno uundaji wa istilahi: je, iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi; kipanya au puku? Makala haya yanadai kuwa swali hilo limetangulizwa kabla ya wakati wake. Istilahi ya programu si kidahizo cha kamusi tu. Ni agizo linalotekelezwa papo hapo, na ubora wake hauamuliwi mezani bila kumwona mtumiaji akitenda.

2.0 Neno na Tendo

Kitufe cha Ghairi ni mfano mzuri. Kughairi ni kubadili nia, hivyo neno hilo linafaa kwa tendo la kujitoa katika dirisha bila kubadili chochote. Hata hivyo, mtumiaji anapofunga waraka ambao hajauhifadhi, huulizwa kama anataka kuhifadhi, kutohifadhi au kughairi. Mwalimu wa Kasulu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiha, na ambaye Kiswahili chake ni cha darasani na sokoni, anaweza kulichukua neno hilo kwa maana ya 'futa'. Akilikwepa kwa hofu na kubofya Usihifadhi, mtihani alioutunga mchana kutwa umepotea. Tafsiri haina kosa lolote la kimsamiati.

Tatizo jingine ni la upatanisho wa kisarufi. Mtafsiri hupewa orodha ya vipande vya maneno vilivyotengwa na muktadha wake. Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki, ilhali Kiswahili hudai hati mpya, jedwali jipya, kitabu kipya. Asiyeiona nomino hubahatisha.

3.0 Namna ya Kupima

Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 hutosha kudhihirisha takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Kanuni hiyo huchukulia kwamba watumiaji ni wa aina moja. Kasulu, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, Kiswahili cha shule za Tanzania hukutana na Kiswahili cha Kongo chenye maneno ya Kifaransa. Kibondo nako Kiha hupakana na Kirundi, lugha iliyo jirani yake sana. Kwa hiyo watumiaji 5 wachaguliwe katika kila kundi la wasemaji, si katika wilaya nzima.

Kumwuliza mtu kama analielewa neno hakufai. Mbele ya mgeni kutoka chuo kikuu, jibu la adabu ni 'ndiyo'. Apewe kazi: afunge barua bila kupoteza marekebisho, kisha airudie. Aidha, mbinu ya kumtaka mtumiaji mmoja afikiri kwa sauti ina walakini, kwani kijana hasemi ovyo mbele ya mkubwa wake. Afadhali wawili wa rika moja, mathalani wanachuo wa ualimu, washirikiane katika kompyuta moja. Watakapokwama watashauriana, na aghalabu watashauriana kwa Kiha. Maneno hayo ya Kiha ndiyo data yenye thamani kubwa kuliko zote, maana huonyesha tendo ambalo mtumiaji amelidhania. Mpimaji asiyejua Kiha hatayapata.

Matokeo yarejeshwe kwa watafsiri yakiwa na picha ya dirisha lenyewe, kazi iliyotolewa na neno lililotamkwa mkono uliposita. Leseni ya programu huria inaruhusu Ghairi kubadilishwa kuwa, tuseme, Rudi kwenye waraka, bila kuomba idhini ya mwenye programu. Kisha jozi nyingine ipewe kazi ileile.