Barakoa na Jirani Yetu

Soma: 3 Mose 13:45, Wafilipi 2:4.

Neno barakoa si geni Unguja. Zamani mabibi wa Kiarabu wa Mji Mkongwe walifunika nyuso zao kwa barakoa kwa ajili ya heshima. Mwaka wa 2020, ulipofika ugonjwa wa korona, jina lilo hilo likapewa kitambaa cha kufunika pua na kinywa, na watu wakaanza kushindana juu yake. Mmoja alisema, "Mwenye kumtumaini Mungu, kitambaa cha nini?" Mwingine alisema, "Asiyevaa ni mwuaji." Mwaka wa 2020 serikali iliacha kwa muda kutoa hesabu ya wagonjwa, na wengi hawakujua la kuamini. Fikirini Kendwa, kaskazini ya kisiwa, ambako mvuvi na mgeni wa Ulaya hukutana pwani moja. Wageni wasipokuja, hakuna mshahara. Wakija, huenda ugonjwa ukaja nao. Februari 2021 akafa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kwamba ameshikwa na korona.

Basi na tujiulize maneno mawili.

1. Je, barakoa yafaa? Tauni ya mapafu ilipoua watu wengi Manchuria, mwaka wa 1910 na 1911, daktari Wu Lien-teh aliwaagiza wauguzi wafunike pua na kinywa kwa pamba na shashi. Daktari Mfaransa, Mesny, alikataa, akaingia kwa wagonjwa uso wazi; baada ya siku chache akafa. Tena huko Bangladesh, mwaka wa 2020 na 2021, vijiji 600 vilichunguzwa. Palipogawiwa barakoa za hospitali, na watu wakafundishwa kuzivaa, wagonjwa walipungua kidogo. Bali wazee wa miaka 60 na zaidi walipungua kama theluthi moja. Faida ya zile za kitambaa haikuonekana wazi. Kwa hiyo barakoa si ngome, wala si upuzi.

2. Je, kuivaa ni kupungukiwa imani? Mwaka wa 1527 tauni ilifika Wittenberg. Luther hakukimbia, aliwapokea wagonjwa nyumbani mwake. Lakini katika waraka wake alifundisha kwamba kudharau dawa ni kumjaribu Mungu. Mtu aombe, afukize nyumba, wala asiende pasipo haja, asije akawaambukiza wengine. Na Torati yamwamuru mwenye ukoma afunike mdomo na kupaza sauti, watu wapate kujihadhari.

Hatari kuu ya korona ilitangazwa kwisha Mei 2023, lakini mafua na kifua kikuu vingali pamoja nasi. Yatupasa basi tunapokohoa tufunike kinywa, hasa karibu na wazee. Tusimcheke avaaye, wala tusimhukumu asiyevaa, kwa maana hatujui mzigo wake.

Maswali: Je, twajilinda kwa ajili ya nani? Na katika ushirika wetu, ni nani aliye dhaifu?