Kukwepa, Kujihadhari na Kustahimili: Nafaka Zinavyokabili Dhiki na Wajibu wa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kwamba wahusika wawili wanaokumbwa na janga moja hawalazimiki kulikabili kwa njia moja. Mmoja hutoroka, wa pili hujiwekea akiba, wa tatu huketi akangoja. Tusipowatofautisha, tumeisoma hadithi juujuu. Makala haya yanadai kwamba usomaji wa namna hiyo wa juujuu umeingia pia katika maelezo yetu ya Kiswahili kuhusu mimea ya nafaka. Mahindi, mtama na mpunga hukabili dhiki kwa njia zinazotofautiana kabisa, lakini sisi huzirundika zote katika kirai kimoja: “kustahimili ukame”. Hasara ya mrundikano huu haiishii kwa mwanaisimu. Humfikia mkulima anayenunua mbegu kwa kuliamini neno lililoandikwa kwenye mfuko.

Kwa dhiki tunamaanisha hali yoyote ya mazingira inayouzuia mmea kukua ipasavyo, kama vile ukame, mafuriko, joto kali, baridi au chumvi kwenye udongo. Mmea hauna miguu ya kuhama. Yote utakayofanya utayafanya papo hapo ulipopandwa, na mwongozo wa kuyafanya umo katika jeni zake.

Jeni na lugha yake

Inafaa kukumbuka kwamba wanabiolojia waliazima istilahi zao muhimu kutoka kwetu. Habari za urithi zimeandikwa katika DNA kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Jeni ni sehemu ya maandishi hayo yenye maagizo ya kuunda kitu fulani, aghalabu protini. Chembe hai hunakili kwanza maagizo hayo, na hatua hii huitwa unukuzi. Kisha nakala husomwa na protini ikaundwa, na hatua hii huitwa tafsiri. Maandishi kamili ya mpunga, yenye herufi zipatazo milioni 390, yalichapishwa mwaka 2005. Yale ya mtama na ya mahindi yalifuata mwaka 2009.

Ikumbukwe kuwa jeni kuwapo si sawa na jeni kufanya kazi. Chembe ya jani na chembe ya mzizi zina maandishi yaleyale, ila kila moja husoma kurasa zake. Dhiki inapofika, kurasa zilizokuwa zimefungwa hufunguliwa na nyingine hufungwa. Mathalani, udongo unapokauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka katika majani. Homoni hii huyaamuru matundu madogo ya jani, yaani stomata, yafunge ili maji yasipotee. Hata hivyo, matundu hayohayo ndiyo mlango wa hewa ya kaboni ambayo mmea huitumia kujitengenezea chakula. Mmea unaofunga mlango dhidi ya kiu umejifungia pia na njaa. Hakuna njia ya kukabili dhiki isiyokuwa na gharama, na kila njia ina gharama yake.

Kukwepa

Njia ya kwanza ni kukwepa, yaani kumaliza kazi kabla adui hajafika. Mfano ulio karibu nasi ni mahindi ya Katumani, yaliyozalishwa katika kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, na kuanza kuwafikia wakulima katika miaka ya 1960. Sifa yake kuu ni kukomaa mapema. Katika nyanda kavu za Ukambani, ambako mvua huweza kukatika ghafla, mahindi haya hujitahidi kutoa maua na kujaza punje wakati udongo ungali na unyevu.

Kusema kwamba mahindi haya “yanastahimili” ukame ni kuyasifu kwa sifa isiyo yake. Nguvu yake ni kuuwahi. Ukame ukija mapema, wakati mbelewele inapomwaga chavua, wepesi wake hautamwokoa mkulima. Mahindi yaliyobanwa na kiu wakati huo huchelewa kutoa ndevu, chavua ikamwagika bila kupokelewa, na gunzi likabaki na mapengo. Aidha, mvua ikiwa nzuri, mmea unaokomaa haraka hupata siku chache za kujijazia punje, na kwa hiyo mavuno yake huwa haba kuliko ya aina zinazochelewa. Hiyo ndiyo gharama ya kuwahi.

Kujihadhari

Njia ya pili ni kujihadhari. Hapa mmea hukutana na ukame, lakini huwa umejipanga ili maji yasiuishie. Baadhi ya aina za mtama zenye asili ya Ethiopia zina sifa ya kubaki na majani mabichi hata baada ya kutoa maua katika ukame, ilhali mitama mingine hunyauka na kuanguka. Watafiti walizitambua sehemu nne za kromosomu zinazohusika na sifa hiyo, wakaziita Stg1 hadi Stg4.

Mtu angedhani kwamba mtama huo una ushupavu wa pekee wakati wa kiu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Andrew Borrell na wenzake nchini Australia ulionyesha kwamba siri huanza mapema zaidi. Sehemu hizo za kromosomu huufanya mtama utoe machipukizi machache ya pembeni na kupunguza ukubwa wa majani ya juu. Mmea wenye majani machache hunywa maji kidogo kabla ya kutoa maua. Masuke yanapoanza kujaa, bado kuna maji yaliyosalia ardhini. Ubichi tunaouona mwishoni ni matokeo ya ubanifu wa mwanzo. Kwa hiyo, pale ambapo udongo hauwezi kuweka akiba ya maji, kama vile katika mchanga usio na kina, ubanifu huo hauwezi kumfaa mkulima sana.

Kustahimili

Njia ya tatu ndiyo inayostahiki jina la kustahimili: dhiki huingia hadi ndani, na mmea ukaishi nayo. Mfano rahisi ni punje ya mahindi ghalani. Imepoteza maji hadi yakabakia takriban asilimia 13 ya uzito wake, na bado i hai. Protini maalumu, zikiwemo dehidrini, husaidia kuzilinda chembe zake zisiharibike katika ukavu huo.

Mfano uliochunguzwa kwa kina zaidi hauhusu ukame bali mafuriko, nao unatoka mashariki mwa India. Mpunga hupenda maji, lakini mpunga mwingi ukifunikwa kabisa kwa muda wa wiki moja au mbili hufa. Katika jimbo la Odisha palikuwa na aina ya kienyeji ambayo kutokana nayo ilichaguliwa mbegu iitwayo FR13A, yenye uwezo wa kunusurika chini ya maji kwa takriban wiki mbili. Mwaka 2006 Kenong Xu, Pamela Ronald, David Mackill na wenzao walitangaza kwamba siri hiyo imo katika jeni iitwayo Sub1A, kwenye kromosomu ya tisa.

Utendaji wake unastaajabisha. Mmea ukifunikwa na maji, gesi ya ethilini ambayo huizalisha yenyewe hukosa pa kutokea na kujaa ndani. Mpunga wa kawaida huichukua gesi hiyo kuwa amri ya kurefuka ili ufike juu upate hewa. Hutumia sukari yake yote katika mbio hizo, na mafuriko yasipopungua upesi, hufa ukiwa umechoka. Mpunga wenye Sub1A hupokea ishara ileile, lakini jeni hiyo huizuia homoni ya kurefusha isifanye kazi. Mmea hutulia, huhifadhi sukari, na maji yanapoondoka huchipuka upya. Kwa njia ya uzalishaji wa kawaida ulioongozwa na alama za DNA, jeni hiyo iliingizwa katika mpunga maarufu wa Swarna, na Swarna-Sub1 ikaidhinishwa nchini India mwaka 2009.

Mwaka huohuo watafiti wa Japani walitangaza jeni mbili katika mpunga wa maji ya kina, SNORKEL1 na SNORKEL2, ambazo ni za ukoo mmoja na Sub1A. Hizi nazo huitikia ethilini, lakini amri yake ni kinyume: refuka bila kukoma. Mpunga huo huweza kurefuka kwa sentimita 20 au zaidi kwa siku moja. Pale mafuriko yanapodumu kwa miezi, anayetulia huangamia na anayekimbilia juu huokoka. Pale yanapodumu kwa siku 10, mambo hugeuka. Ishara ni moja, ukoo wa jeni ni mmoja, nazo hatima ni mbili.

Istilahi na mkulima

Sasa turudi kwenye mfuko wa mbegu. Maneno “inastahimili ukame” yanaweza kumaanisha kwamba mbegu itakomaa kabla ya ukame, au itabana maji, au itaishi na kiu. Mkulima anahitaji kujua ni lipi kati ya hayo, kwa kuwa tarehe ya kupanda na aina ya udongo hutegemea jibu hilo. Neno “sugu”, linalopendwa katika matangazo, linazidisha utata. Sugu ni ngozi ya kiganja iliyokomaa hata haisikii jembe. Mbegu ya namna hiyo haipo.

Tunapendekeza, basi, kukwepa kutumiwe kwa mmea unaoiwahi au kuikimbia dhiki, kujihadhari kwa unaoizuia isiufikie ndani, na kustahimili kwa unaoishi nayo. Kukinza kuachiwe magonjwa na wadudu. Maneno haya yote yamo vinywani mwa watu, na hatuhitaji kuyaunda.

Hitimisho

TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya 2010 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Msingi umewekwa. Kilichosalia ni kazi ya kila siku: wanafunzi wa Kiswahili kuketi na wenzao wa kilimo, kusoma vijikaratasi na vibandiko vya mbegu, na kuuliza kila kitenzi kinamaanisha nini shambani. Wahenga walinena kuwa mstahimilivu hula mbivu. Mpunga wa Odisha unawaunga mkono, lakini mahindi ya Katumani yanatukumbusha kwamba anayewahi naye hula, alimradi aliyemuuzia mbegu amemwambia kwamba anapaswa kuwahi.