FEDHA ZA UTAFITI: FUNZO LA MBUNG'O WA UNGUJA

Wanafunzi huuliza: kwa nini Serikali igharimie utafiti ambao matunda yake hukawia, ilhali dawa hazitoshi? Swali hilo ni la haki. Hebu tulijibu kwa mfano.

Mbung'o hueneza nagana, maradhi yanayodhoofisha na kuua ng'ombe. Katika miaka ya 1930, Edward Knipling, mtaalamu wa wadudu katika utumishi wa serikali ya Marekani, alibuni njia ya kuangamiza nzi wasumbuao mifugo: kufuga madume kwa wingi, kuwafanya tasa, kisha kuwaachilia porini. Jike apandwaye na dume tasa hazai. Mwaka 1954 njia hiyo ilifaulu kisiwani Curaçao, baada ya kugunduliwa kwamba mionzi huwafanya nzi kuwa tasa.

Huko Unguja, mbung'o walipunguzwa kwanza kwa dawa. Kisha, kuanzia 1994 hadi 1997, madume tasa zaidi ya milioni 8 waliofugwa Tanga walimwagwa kwa ndege, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Tangu wazo hadi ushindi ilipita miaka sitini hivi.

Tunajifunza mambo matatu. Kwanza, kutibu ng'ombe ni gharama isiyokoma. Kumwondoa mbung'o ni gharama yenye mwisho. Pili, hakuna mfanyabiashara ambaye angeifanya kazi hiyo, kwa kuwa mfugaji asiyelipa angenufaika sawa na aliyelipa. Kwa hiyo mzigo huo ni wa hazina ya umma. Tatu, fedha hazina budi kutolewa mfululizo. Mbung'o wa maabara hulishwa damu daima. Fedha zikikatika, hufa, na wale waliosalia porini huzaana upya. Hapo hata fedha zilizokwisha kutumika huwa zimepotea.

Mwaka 1980, mjini Lagos, nchi za Afrika ziliweka lengo la kutumia asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi na teknolojia. Hadi leo nyingi hazijalifikia. Lakini hata asilimia hiyo, ikitolewa mwaka huu na kukatwa mwaka ujao, haitamaliza kazi ya miaka mingi.

Maswali
1. Kwa nini madume tasa huachiliwa baada ya mbung'o wa porini kupunguzwa?
2. Taja tatizo la wilaya yako lisiloweza kutatuliwa na mfanyabiashara peke yake. Eleza sababu.