Darsa la Ramadhani, siku ya 17: Kufunga penye machweo 16



Juzi kabla ya futari, kijana wetu mmoja anayefuatilia sana habari za anga alikuwa akiwaonyesha wenzake kwenye simu kituo cha anga za juu cha kimataifa. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, Ramadhani hii, achana na upuuzi." Kijana akazima simu. Nami nilikuwepo, nikanyamaza. Nilikosea.

Maana swali lake lilikuwa la fiqhi kabisa. Kituo kile huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, kwa hiyo aliyemo huona jua likizama mara kama 16 kwa saa 24. Sasa atafuturu lini?

Oktoba 2007, Ramadhani ikielekea ukingoni, Mmalaysia Sheikh Muszaphar Shukor (Sheikh ni jina tu, yeye ni daktari) alirushwa kutoka Baikonur, Kazakhstan. Wanazuoni wa kwao hawakumcheka. Walikaa na wataalamu wa anga, wakatoa mwongozo: nyakati za swala zifuate saa za pale aliporukia, kibla aelekee kadiri awezavyo, na saumu anaweza kuiahirisha akailipe akirudi, kwani ni msafiri.

Hebu fungueni Surat Aal Imran, aya ya 190 na 191, muone ni watu gani wanaosifiwa pale.

Kijana, leo baada ya Tarawehe njoo mbele na simu yako, uendelee pale ulipokatizwa. Mzee nimeshaongea naye. Amesema atakaa safu ya kwanza.