Barafu Kavu: Je, Yafaa Kununua Mashine Yake ya Kusafishia?

Vijana wanne waliomaliza masomo katika shule hii wameniandikia barua wakiniuliza jambo moja. Wana akiba kidogo, nao wanataka kuanzisha kazi ya kusafisha mitambo ya viwanda mjini Kampala. Wamesikia habari za mashine inayosafisha kwa barafu kavu, je, wainunue? Mmoja wao yu tayari kuweka rehani shamba alilorithi kwa baba yake ili benki iwakopeshe. Kwa kuwa swali hili lina sayansi ndani yake na hesabu pia, nimeona vema nijibu hapa, ili na ninyi mlio madarasani mpate kufaidi. Nimefanya kazi miaka kadhaa katika karakana ya kupiga chapa, na mashine hiyo nimeiona ikitumika.

Barafu kavu ni nini

Barafu kavu si maji. Ni hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi, ile ile tunayoitoa puani na ile inayotoa mapovu katika soda, ila imegandishwa mpaka ikawa gumu. Mfaransa mmoja, Thilorier, alieleza habari zake mwaka 1835; na katika miaka ya 1920 watu wa Marekani walianza kuifanya na kuiuza kama bidhaa. Baridi yake ni nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Ukiiacha mezani haiyeyuki. Huruka moja kwa moja kuwa gesi bila kuwa maji kwanza. Ndiyo maana ikaitwa kavu.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki hewa hii hutoka hata ardhini. Huko Kenya huchimbwa katika msitu wa Kereita, Kiambu, na huko Tanzania hupatikana Kyejo, wilaya ya Rungwe.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Barafu kavu hukatwa vipande vidogo kama punje za mchele, vyenye unene wa kama milimita 3. Punje hizo hutiwa katika mashine, nayo huzichanganya na hewa iliyoshindiliwa na kuzirusha kwa nguvu katika mdomo wa bomba. Msukumo wa hewa huwa kama bar 5 hadi 7. Kumbukeni kuwa gurudumu la motokaa ndogo lina kama bar 2 tu.

Punje zikifika penye uchafu, mambo matatu hutokea. Kwanza, hupiga. Pili, baridi kali hufanya uchafu usinyae na kupasuka kwa ghafula, hali chuma kilicho chini yake hakijapoa sana, basi ule mshikamano kati yao hulegea. Tatu, punje hugeuka gesi papo hapo, na gesi hiyo huchukua nafasi kubwa kuliko barafu kwa kadiri ya mara 800. Hiyo huinua uchafu kama mtu anayebandua ukoko wa wali kwa upawa.

Faida yake kubwa ni kwamba ile dawa ya kusafishia hutoweka yenyewe. Ukisafisha kwa mchanga, mchanga hubaki. Ukisafisha kwa maji, maji hubaki, na baada ya maji huja kutu. Lakini uchafu wenyewe hautoweki. Huanguka chini, na lazima ufagiliwe. Muuzaji akikuambia kuwa hakuna cha kuzoa, usimsadiki.

Yafaa wapi, na wapi haifai

Hufaa sana penye grisi, wino ulioganda, gundi, masizi na mabaki ya unga uliochomeka. Viwanda vya matairi huitumia kusafishia kalibu zikiwa bado na joto, bila kuzifungua. Wapiga chapa husafishia mashine zao, na waokaji mikate husafishia majoko. Hufaa pia kwa mitambo ya umeme, maana barafu hii haipitishi umeme. Hata hivyo, umeme lazima uzimwe, isipokuwa mabingwa wenye ruhusa wameagiza vingine.

Haifai kwa kutu nene iliyokula chuma. Punje hizi ni laini, ugumu wake wakaribia ule wa jasi, na ndiyo sababu haziharibu chuma. Lakini kitu kisichoharibu chuma hakiwezi pia kukikwaruza ili kishike rangi mpya; kwa kazi hiyo mchanga ungali bora. Tena, punje huenda moja kwa moja. Haziwezi kupinda kona na kuingia ndani ya bomba lililojikunja. Na kioo chaweza kupasuka kwa baridi ya ghafula.

Hatari zake

Hapa nawaomba msome polepole. Kilo moja ya barafu kavu hutoa gesi kama lita 540. Tuseme mashine yatumia kilo 30 kwa saa: hiyo ni gesi mita za ujazo 16. Tuseme tena kompresa iliyo nje yaleta hewa mita za ujazo 3 kila dakika, yaani 180 kwa saa. Jumla ni 196. Gawanya 16 kwa 196, utapata kama 8 katika 100. Maana yake, katika chumba kidogo kisicho na njia nyingine ya kuingizia hewa, baada ya muda kila pumzi mia zitakuwa na kabonidayoksaidi kadiri ya nane. Wataalamu wa afya kazini huhesabu 4 katika 100 kuwa hatari kwa maisha, na kwa mtu anayeshinda kazini siku nzima hawaruhusu kuzidi nusu katika 100. Basi katika chumba namna hiyo, hapana budi kuwe na mashine ya kuvutia hewa nje na kipimo cha gesi chenye kengele.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, hivyo hukaa chini: katika mashimo, katika vyumba vya chini ya ardhi. Watu wa pande za Goma, huko Kongo, waijua tangu zamani. Mahali pa bondeni ambapo gesi ya ardhini hukusanyika hupaita mazuku, nayo huua wanyama, na watu pia. Na huko Kameruni, mwaka 1986, gesi hii ilifumuka kutoka ziwa Nyos usiku ikaua watu wapatao 1,700.

Tena, usiishike kwa mkono mtupu, maana huunguza kama moto. Usiitie katika chombo kilichozibwa kabisa. Kitapasuka kama bomu. Ukiisafirisha katika motokaa, fungua madirisha. Mwenye kushika bomba avae miwani, glavu na vizibo vya masikio, kwa kuwa kelele yake ni kubwa mno.

Hesabu ya fedha

Bei ya mashine hutoka dola elfu chache mpaka makumi ya elfu, kwa kadiri ya ukubwa na kazi yake. Lakini watu wengi huitazama bei ya mashine peke yake na kuisahau kompresa. Mashine bila kompresa kubwa ni kama jembe bila mpini. Hewa yenyewe lazima ikaushwe. Ikiwa na unyevu, maji huganda ndani ya bomba na kuliziba.

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake. Mashine dola 20,000, kompresa pamoja na kikaushio dola 15,000, jumla 35,000. Tukitaka zirudi kwa miaka 5, ni 7,000 kila mwaka. Tuongeze matengenezo na bima 1,500. Basi kila mwaka zatakiwa dola 8,500, hata kama mashine imelala tu.

Sasa gharama za saa moja ya kazi. Barafu kilo 30; lakini barafu hii haingoji mtu. Hata katika sanduku zuri lenye kuta nene hupungua kila siku, mara nyingi sehemu 5 mpaka 10 katika 100. Kwa wale wanaotegemea barafu itokayo Kenya na kungoja mpakani, ili utumie kilo 30 yakupasa ulipe kilo 36. Kwa dola 2 kilo moja, ni dola 72. Dizeli dola 8, wafanya kazi wawili dola 10. Jumla ni 90. Mteja akilipa 150 kwa saa, zabaki 60.

Gawanya 8,500 kwa 60: ni saa 142. Kwa siku za saa 6, ni kama siku 24 za kazi kwa mwaka kabla hujapata faida hata senti moja.

Na ikiwa yuko mtu wa kukodisha mashine na kompresa yake kwa dola 300 kwa siku? Gawanya 8,500 kwa 300, utapata siku 28 na kitu. Mwenye kazi chini ya siku hizo, kukodi kwamfaa kuliko kununua. Mwenye kazi zaidi, anunue.

Shauri langu

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu zangu wanne ni hili. Mashine ni njema, wala si ya udanganyifu. Lakini thamani yake haimo katika mashine. Imo katika saa za mteja. Kiwanda kinachopoteza fedha nyingi kila saa mtambo unaposimama kitawalipa vizuri, kwa sababu mtawasafishia bila kufungua na bila kungoja ikauke. Mwenye kutaka sakafu ya gereji ioshwe hatawalipa, maana sabuni na maji vyamtosha.

Basi nendeni kwanza kwa wapiga chapa, waokaji mikate na wenye viwanda vya plastiki. Tafuteni ahadi za kazi kwa maandishi, si kwa mdomo. Zikifika siku 28 kwa mwaka, na muuzaji wa barafu akiwahakikishia siku ya kuileta, nunueni, tena iliyotumika lakini yenye vipuri. Zisipofika, kodini. Na shamba la baba lisiwekwe rehani kwa ajili ya saa ambazo hakuna aliyeziahidi. Mashine isiyo na kazi hulala na kuchakaa. Shamba huzaa hata mwenyewe akiwa safarini.

Maswali kwa wanafunzi

1. Barafu kavu kilo 200 yapungua sehemu 6 katika 100 kila siku. Baada ya siku 3 zimebaki kilo ngapi?

2. Mteja akipunguza malipo mpaka dola 140 kwa saa, zatakiwa saa ngapi kwa mwaka ili gharama zirudi?

3. Kwa nini mtu aliyeinama shimoni yumo katika hatari kubwa kuliko aliyesimama juu yake?